Upande wa Wanawake

Baba Sadiki,

Siri yako imejulikana. Nakuandikia mwenyewe kabla hujaisikia kwa mwingine, maana nawajua watu wa Koboko, hata huko uliko hawakosi wa kukupelekea habari ikiwa imetiwa chumvi. Haikutoka kinywani mwangu. Lakini sitajifanya mwema: nilikuwa nimesimama mbele za watu, mdomo wazi, tayari kuisema, na mwingine akaniwahi. Kwa hiyo usikasirike kwanza. Ulikuwa na tabia ya kuondoka katikati ya mazungumzo. Safari hii huna pa kwenda, utanisikiliza mpaka mwisho.

Unakumbuka Ariwara? Sote tulikuwa wakimbizi huko Zaire, kila mtu na kijiji alichokiacha nyuma kikiwa kimechomwa. Wewe ulikuwa unatengeneza baiskeli kando ya wauza sabuni, na mimi nilikuja nikiikokota baiskeli ya mjomba wangu. Uliitazama, ukanitazama, ukasema, "Hii cheni iko mzee kuliko wewe." Nikakujibu kwamba sikuja kuulizwa umri. Ukacheka mpaka spana ikakuponyoka. Kesho yake ulikuja nyumbani kwa mjomba na pedali mpya ambayo hakuna aliyeiagiza, na mjomba akaelewa kabla yangu.

Nilikupenda kwa sababu ulikuwa mpole. Nalisema hapa wazi kwa kuwa baadaye watu walikupa jina lingine. Wanaume wengi wa kwetu waliozaliwa katika nyumba za askari walikuwa na sauti ya kambini, hata chumvi waliomba kwa kufoka. Wewe ulikuwa ukiongea kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili. Nilidhani ni maumbile yako. Sikujua kwamba ulijifunza kunyamaza siku moja, uwanjani, mchana kweupe.

Mama yako, Habuba, yaani bibi, kama mtaa mzima unavyomwita, alinipokea kwa hadithi moja ambayo hakuchoka kuisimulia. Tulipokwisha rudi Koboko na kujenga, aliisimulia tena kwenye kila harusi na kila arobaini ya mtoto. Alikuwa akishika mkono wako, dume zima lenye masharubu, anauinua juu watu wauone. "Surua ilipita kijiji yetu Ludara yote," anasema. "Watoto ya watu ilikufa. Ya kwangu ilikufa, mmoja, wa pili. Huyu mimi nachukua, napeleka kwa mjomba yake kule Adumi, naficha. Surua inapita, inatafuta, haioni yeye. Mpaka leo haioni." Wanawake wanapiga vigelegele. Wewe unavuta mkono wako taratibu, unatabasamu, unarudi kwenye kivuli cha banda lako.

Hakuna aliyewaza kwamba hadithi ile ilikuwa na upande wa pili. Kwetu kila mama alijua lake. Aliyeugua surua utotoni akapona, amemaliza, haimrudii tena. Aliyefichwa, basi ameshinda. Ukishakuwa mkubwa, surua si ugonjwa wako, ni ya watoto, kama kunyonya na kutambaa. Mimi mwenyewe niliugua nikiwa mdogo, mama aliniogesha majani na kunifungia ndani, nikapona. Sikuwahi kujiuliza kuhusu wewe.

Kisha wakaja wakimbizi wa Sudan. Ilikuwa zamu yao. Baadhi yetu tulikuwa tumekimbilia kwao miaka ile, sasa wao walimiminika kwetu na magodoro vichwani na mbuzi wenye kiu, na wewe ukawa unatengeneza baiskeli zao bila kuuliza watakulipa lini. Surua ilikuja katikati yao. Tuliiona kwanza kwa makaburi madogo kando ya barabara, halafu kwa macho mekundu ya watoto wa jirani. Kukawa na wiki ambayo imamu alikuwa hapati muda wa kula.

Ndipo Sista Jesca alipokuja kutoka Arua. Unamkumbuka, yule muuguzi mfupi, Mlugbara wa Omugo, msalaba shingoni na viatu vya kiume. Alipita nyumba kwa nyumba kabla ya siku ya chanjo, na kwetu alikaa akanywa chai. Alisema watoto wote watachanjwa, lakini safari hii hata wakubwa, wale ambao hawakuugua na hawakuchanjwa, hasa wanaochanganyika na wakimbizi kila siku. Ulikuwa unamsikiliza huku unafuta mikono kwa kitambaa chenye grisi.

"Utotoni surua ilikamata wewe?" akakuuliza.

Habuba akajibu badala yako, kifua mbele, hadithi yote tangu mwanzo. Sista akaisikiliza yote kwa heshima, ila hakupiga kigelegele. Akaweka kikombe chini. "Basi huyu ndio natafuta," akasema. "Habuba, hii ugonjwa haisahau mutu. Kama haikupata yeye mdogo, inaweza kupata yeye mkubwa, na kwa mkubwa iko kali sana."

Habuba alikasirika, akaingia ndani. Lakini wewe uliuliza maswali. Kama sindano itakufanya ushindwe kufanya kazi, kama ni kweli haiwezi kukupa ugonjwa wenyewe, kama wenye mimba nao wanachanjwa. Sista akakujibu yote, na la mwisho akasema wenye mimba hapana, wasubiri wajifungue. Ukaniambia, "Mama Sadiki, kesho tunakwenda wote." Ulikuwa umekubali. Nataka hilo lijulikane. Hukuogopa sindano, wala hukuamini uvumi uliokuwa sokoni kwamba serikali inataka kumaliza uzazi wa watu wa kwetu kwa dawa. Ulinyoa ndevu asubuhi hiyo, ukavaa shati lako la Idi.

Tulifika uwanja wa shule na Sadiki katikati yetu. Watu walikuwa wengi, wamezagaa, watoto wanalia. Sista na wenzake walikuwa chini ya turubai na visanduku vyao vya barafu. Kila kitu kilikuwa kikienda ovyoovyo lakini kinakwenda. Kisha yule kijana aliyekuja na gari, mgeni wa kutoka kusini ambaye hakumjua mtu hata mmoja pale, akaona fujo ile akataka kusaidia. Hakuwa na ubaya wowote, na mpaka leo sina neno naye. Alipanda juu ya gari akachukua kipaza sauti.

"Wanaume wote upande huu," akasema. "Wanawake na watoto upande ule. Mtu yeyote asiondoke uwanjani."

Niligeuka kukuambia nipe Sadiki, nikakuta tayari umeuachia mkono wake. Uso wako ulikuwa mtupu. Nilikuita, hukunisikia. Ulitembea, hukukimbia, watu wanasema ulikimbia lakini mimi nilikuwapo, ulitembea kama mtu anayekwenda kujisaidia, ukazunguka nyuma ya madarasa, ukachukua baiskeli ya mtu ambayo haikuwa hata yako, ukaenda. Nilipoangalia tena uwanjani, upande wa wanaume ulikuwa na wazee wachache na vijana waliokulia uhamishoni. Wenzako wa umri wako hawakuwapo. Kila mmoja alikuwa ametoweka kimyakimya kwa njia yake, na wengine, kama Ratibu muuza nyama, hata uwanjani hawakufika.

Nilimchanjisha Sadiki. Nilisimama kwenye mstari ule nikiwa na hasira nawe mpaka nikasahau kumshika mtoto vizuri, akampiga teke Sista. Nilidhani umeniaibisha tu.

Ulikwenda kwa rafiki yako Toma, Ariwara, na ukakaa huko. Ulituma salamu na wachuuzi wa kahawa kwamba kuna kazi nyingi. Hukusema kwamba watoto wa Toma walikuwa wamelala ndani na surua, na kwamba ulikuwa ukilala nao chumba kimoja, ukiwapa maji, kwa sababu hukuweza kuona mtoto ana kiu. Hilo nililijua kwa Toma mwenyewe, siku aliyokuleta amekupakiza nyuma ya baiskeli, amekufunga kwake kwa shuka ili usianguke. "Mama Sadiki, mutu yako iko mubaya," akaniambia. "Mimi nasema tuende hospitali ya kule, yeye anasema hapana, nyumbani." Kisha akakaa chini kwenye vumbi akalia. Watoto wake walikuwa wamepona.

Sijui niliandikeje lile juma. Macho yako yalikuwa mekundu na hayakuvumilia mwanga, tukatundika blanketi mlangoni. Vipele vilianzia nyuma ya masikio vikakushukia mpaka miguuni. Ulikohoa mpaka mbavu zikakuuma. Mimi niliijua mara moja, nani asiyeijua, lakini Habuba alikataa. Alisema surua haikuoni, imekwisha kukupita. Alisema umelishwa kitu Ariwara. Nilipotaja hospitali akasimama mlangoni na mikono yake miwili kwenye fremu: mwenye vipele hachomwi sindano, akichomwa vipele vinarudi ndani vinamwua. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na wamama wote wa Ludara wangemwunga mkono. Nilimbishia, akalia, nikalia, na siku zikapita. Sadiki alikuwa akikulalia kifuani kila mara nilipogeuka, na hakuugua. Hakupata hata mafua. Nilikuwa nikimtazama anavyocheza na vifungo vya shati lako na nilijua kwa nini yu mzima.

Mchana mmoja uliniita nikae. Ulikuwa na sauti kidogo sana.

"Mama Sadiki," ukasema, "mimi si mwoga."

Nikakuambia nyamaza, pumzika. Ukaendelea. Ukaniambia kuhusu askari waliokuja kulipiza kisasi baada ya serikali ya watu wa kwetu kuanguka, walivyowakusanya watu wa kijiji chenu uwanjani na gari lenye kipaza sauti, wakasema wanaume huku, wanawake na watoto kule, mtu asiondoke. Ukaniambia ulikuwa na miaka kumi na mitano, mwembamba, huna ndevu, na kwamba kabla hamjatoka nyumbani mama yako alikuvalisha gauni la dada yako, akakufunga kitambaa kichwani, akachukua mtoto mchanga wa jirani akakufunga mgongoni. Hakukueleza kitu. Mkatoka. Wewe ukasimama upande wa wanawake.

Ukaniambia mtoto alilia, na askari mmoja akaja karibu akasema, "Wewe mama, nyamazisha huyo." Ukamtikisa. Ukainamisha uso. Na ng'ambo ya uwanja, upande wa pili, baba yako na kaka yako Abdu walikuwa wamesimama na wanaume wengine. Kaka yako hakukuona. Baba yako alikuona. Alikutazama mara moja tu, kisha akageuza uso akatazama mahali pengine, akaendelea kutazama huko mpaka walipoondolewa. Hamkuwaona tena.

"Sijui alikuwa naona haya juu yangu," ukaniambia, "au alikuwa nafichia mimi. Kila siku nauliza. Sijui."

Nilikuambia alikuwa anakuficha, baba gani asingefanya hivyo. Ulitikisa kichwa. Ukasema uliposikia kipaza sauti siku ya chanjo, hukuwaza chochote, miguu ilikwenda. Na ukasema neno la mwisho refu ulilowahi kuniambia: "Usiambie mutu. Mtoto wa askari kuvaa gauni. Afadhali waseme nakimbia sindano."

Nikaahidi. Nilikuwa na machozi, ningekuahidi lolote.

Habuba alilegea ulipoanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Tulipata lori la tumbaku linalokwenda Arua, tukakulaza juu ya marobota, mimi nikikushika kichwa na yeye akikushika miguu. Barabara unaijua. Hospitalini Sista Jesca alikutambua. Hakusema, "Niliwaambia." Alikuchoma dawa, Habuba akageuza uso ukutani asione, na Sista akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kifua kimejaa na ugonjwa umepanda kichwani. Ulikufa jua likiwa juu, watu wanauza ndizi nje ya dirisha. Nilikuwa nimetoka kuchota maji. Nakuchukia kidogo kwa hilo, kwamba uliondoka nikiwa kwenye mfereji.

Sasa nikuambie waliyoyasema kwenye msiba wako, kwa kuwa hukuwapo kujitetea. Walikula wali wako wakasema. Ratibu ndiye aliyesema zaidi. Rafiki yako, aliyekuwa akikaa bandani kwako kila alasiri mkicheza karata, aliyekuwa na kigoda chake mwenyewe pale. "Mtoto wa sajini mzima," alisema, "nakimbia sindano ya mwanamke." Wakacheka kwa pua, kama wanavyocheka wanaume msibani. Likawa jina lako. Mpaka Sadiki alikuja siku moja kutoka madrasa akaniuliza kama ni kweli baba yake alikufa kwa woga. Nilimpiga kofi, mtoto wa watu, kisha nikamkumbatia. Nikamwambia akanawe ale. Nilikuwa nimekuahidi.

Miaka imepita hivyo. Nimebeba siri yako nikipita mbele ya bucha, na kila nilipoisikia ile kejeli ilikuwa ikinichoma upya. Nilikuwa nakuonea huruma, tena nakulaumu. Kwa nini uliniachia kitu hiki nikibebe peke yangu, halafu ukaita hiyo ndiyo heshima?

Mwezi huu surua imerudi. Imeanzia tena kwa wakimbizi, ikaingia kwetu, na safari hii imechukua hata wakubwa, mmoja ni binti wa shangazi yako aliyezaliwa Yei, huko Sudan, wakati wa uhamisho, ambako hakuna aliyemchanja. Sista Jesca naye amerudi, nywele zimekuwa nyeupe. Alikuja moja kwa moja kwangu. "Mama Sadiki," akaniuliza, "wanaume ya hapa iko na nini? Arua wanakuja. Adumi wanakuja. Hapa ninaweka hema tu, wanapotea."

Nilimwambia nusu. Nikamwambia asilete kipaza sauti, asitenganishe wanaume na wanawake, asiseme mtu asiondoke. Alinitazama sana. Ni mtu wa huku huku, nadhani alielewa zaidi ya nilivyosema. Akafanya hivyo: akaweka meza yake kando ya msikiti, bila gari, watu wakija kwa familia zao. Wanawake walikuja. Wanaume waliwaleta wake na watoto, wakasimama mbali, wakarudi makwao. Aliwauliza wachache kama waliugua utotoni. Wengi hawakujua. Hawana mama wa kumuuliza.

Basi akaniomba niseme na watu baada ya sala ya alasiri. Alisema mimi ni mjane wa surua, watanisikia. Nilikaa na ombi hilo nikijua vizuri linataka nini. Kusema kwamba ulikufa kwa surua kusingetosha, hilo walikwisha kulisikia na wakalicheka. Ningelazimika kusema kwa nini uliondoka. Nilikuomba ruhusa, Baba Sadiki. Nilikuomba nikiwa nafua, nikiwa napika, na hukujibu. Nikaamua nitavunja ahadi. Niliona bora unikasirikie wewe uliyekufa kuliko kumzika Sadiki wa mtu mwingine.

Watu walijaa mbele ya msikiti, wanawake nyuma. Nikasimama. Nikasema, "Mume wangu alikufa kwa surua." Nikafungua mdomo kusema linalofuata.

Ratibu akasema kutoka mbele, bila hata kugeuka, "Alikufa kwa kukimbia."

Hapo ndipo mama yako aliponyanyuka. Hajiwezi sasa, miguu imevimba, wanawake wawili walimshika. Alikuwa hajawahi kukubali hata siku moja kwamba ni surua. Nilidhani anataka kumtukana Ratibu tu, kama kawaida yake.

"Ndio, alikimbia," akasema. "Mimi nafundisha yeye. Surua inakuja, mimi naficha yeye kwa mjomba. Askari inakuja, mimi navalisha yeye gauni ya dada yake, nafunga mtoto ya watu mgongoni, nasimamisha yeye na wanawake. Baba yake iko upande ile, Abdu iko upande ile, yeye iko na mimi. Mimi mama yake. Nafanya hivyo. Siku ya sindano watu wanasema wanaume huku, wanawake huku. Nyinyi mlitaka yeye asimame wapi?"

Akapumua, kisha akaongeza kwa sauti ndogo, akimtazama Sista, "Yote mbili naficha vizuri. Kumbe surua ilikuwa nangoja." Akakaa. Nikamshika mkono, na tangu nianze kuishi naye sijawahi kumpenda kama nilivyompenda saa ile.

Nilikuwa namtazama Ratibu. Nilitaka kuona aibu usoni mwake, nakiri, niliingoja kwa hamu. Alikuwa ameinamisha kichwa, anakuna mchanga kwa kidole. Kisha akasema, si kwa watu, ni kama anauambia mchanga, "Mimi ilikuwa gomesi, ile gauni kubwa ya mama yangu."

Sikuelewa mara moja. Halafu fundi viatu, yule Idirisa anayekaa mkabala na banda lako, akasema kwao hawakuwa na gauni la kumtosha, walimfunga kanga wakamwambia akae chini ajifanye mzazi. Na yule mwenye duka la taa akatoa macho tu, akafunika uso kwa kofia yake, na mkewe aliyekuwa karibu nami akasema polepole, "Alaa, ndiyo maana."

Walikwenda kwa Sista mmoja mmoja, hawakutazamana. Ratibu alipofika mezani alikunja mkono wa shati mpaka begani, na alipoulizwa kama surua ilimpata utotoni alisema, "Mama yangu ndio alijua, mimi sijui, na yeye alikufa." Sista akamchoma. Baadaye alikuja mlangoni kwangu na nyama imefungwa kwenye jani la mgomba. Hakuomba msamaha, unamjua. Aliuliza tu kama Sadiki angependa kujifunza kazi ya bucha akikua. Nikachukua nyama. Sikumkaribisha ndani. Labda siku nyingine, leo bado nina hasira.

Maana nimekuwa nikiwaza jambo moja tangu siku ile, na ndilo lililonikalisha kukuandikia. Kila alasiri mlikaa bandani kwako, wewe, Ratibu, Idirisa, yule wa duka la taa. Mlicheza karata pale tangu tuliporudi Koboko. Mlitaniana kuhusu kila kitu, wake zenu, madeni yenu, matumbo yenu. Kila mmoja wenu alikuwa amesimama upande ule ule, na kila mmoja alidhani yuko peke yake duniani. Kama mmoja tu angefungua mdomo, hata kwa mzaha, huku anagawa karata, siku ile ungegeuza baiskeli ukarudi. Ungenyoosha mkono, Sista angekuchoma, ungelalamika kidogo kama unavyolalamika, tungekula chakula cha mchana.

Sadiki amejua sasa. Aliniuliza gauni lilikuwa la rangi gani. Nikamwambia sijui, hukuniambia.

Lala salama. Nimemaliza, sasa unaweza kuondoka.

Mimi mkeo,
Mama Sadiki